Tahadhari: Hedseti Hiyo Itakugharimu Masikio

Ukicheza gemu hadi usiku wa manane, ukavua hedseti na kusikia mlio mwembamba masikioni, umeumia.

Si uchovu. Si usingizi. Umeumia.

Mlio huo ukiisha kufikia asubuhi, usishangilie mapema. Sikio linaweza kuonekana limetulia ilhali ndani limepoteza kitu kisichorudi. Ukirudia usiku unaofuata, na unaofuata, ipo siku mlio hautaisha.

Nawaandikia vijana wa Thika na Ruiru, na wale wa Juja walio katikati. Nawaandikia wazazi wao, wenye vibanda vya PlayStation na wauzaji wa hedseti. Nawaandikia sasa kwa sababu shule zikifungwa, mtoto aliyekuwa akicheza saa moja kwa siku atacheza saa sita. Masikio hayana likizo.

Hatari hii ipo dunia nzima, lakini huku kwetu inapata mbolea. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, mji wa nne kwa ukubwa nchini, na watu 251,407 mjini Thika. Wengi wanaishi katika vyumba vya kupanga, ukuta kwa ukuta. Jirani wa kushoto ana mtoto mchanga. Wa kulia anaamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi. Kucheza kwa spika hakuwezekani, kwa hiyo hedseti inanunuliwa ili watu wakae kwa amani. Nia ni njema kabisa.

Kisha kuna barabara. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT, cha Mount Kenya au cha Zetech anafika chumbani masikio yakiwa yameshapigwa na muziki wa matatu, honi na wapiga debe wa steji. Anatupa begi kitandani, anavaa hedseti, anaongeza kelele juu ya kelele.

Na kuna kazi. Vijana wengi wa miji hii wanajipatia riziki mtandaoni: kusikiliza rekodi na kuziandika, kupokea simu za wateja wa ng'ambo, kufundisha. Hedseti ya kazi mchana ndiyo hedseti ya gemu usiku. Sikio halijui kazi wala mchezo. Linahesabu ukali wa sauti na urefu wa muda, basi.

Hesabu yenyewe ni hii. Ikariri.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtoto anaruhusiwa saa hizo hizo kwa desibeli 75. Sauti ikipanda desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu. Desibeli 83, saa 20. Desibeli 86, saa 10. Desibeli 89, saa 5. Desibeli 92, saa 2 na nusu. Desibeli 95, saa 1 na robo.

Kwa wiki. Si kwa siku.

Mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili ni kama desibeli 60. Simu iliyopandishwa sauti hadi mwisho inaweza kupita desibeli 100 ndani ya sikio. Januari 2024, jarida la BMJ Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 14 zilizohusu watu zaidi ya 50,000 katika nchi 9. Katika vituo vya kuchezea gemu, wastani wa sauti ulikuwa kati ya desibeli 80 na 89. Utafiti mmoja ulipima michezo minne ya kupigana risasi kupitia hedfoni, na wastani ukawa kati ya desibeli 85.6 na 91.2. Milio ya ghafla, yaani mabomu na bunduki, ilifika desibeli 119. Kwa mtoto, kikomo cha mlio wa ghafla ni kama 100.

Chukua sasa kijana wa Makongeni au wa Kihunguro anayecheza saa nne kila usiku kwa desibeli 89. Muda wake salama wa wiki nzima unakwisha usiku wa pili, saa moja baada ya kuanza. Usiku mwingine wote uliobaki anajidhuru. Bado hujahesabu matatu. Bado hujahesabu kazi ya mchana.

Kinachoharibika ni kitu kidogo sana. Ndani kabisa ya kila sikio kuna kiungo kilichojiviringa, na humo mna chembe hai takriban 15,000 zenye vinyweleo. Kazi yao ni kupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Unazaliwa nazo. Sauti kali inazichosha, kisha inaziua. Ndege huotesha nyingine mpya. Binadamu hawezi.

Zikifa hazirudi. Hakuna kidonge cha kuzirudisha, wala tone la dawa, wala upasuaji.

Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazobeba herufi kama f, s, th, k na t. Vokali zinabaki. Ndiyo maana anayeanza kupoteza usikivu hasemi kwamba hasikii. Anasema watu wanamumunya maneno. Fika, pika na shika zinakuwa neno moja kwake. Mhadhiri akigeukia ubao, sentensi inapotea. Mkahawani, penye makelele, anacheka wenzake wanapocheka bila kujua walichosema. Nyumbani anaitwa kiburi kwa sababu mama ameita mara tatu. Kazini mteja wa simu anataja nambari, naye anaandika nyingine. Kazi inakwenda. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, lakini bei yake ni mara nyingi zaidi ya hedseti yoyote ya dukani, na havirudishi sikio lilivyokuwa.

Watu zaidi ya bilioni 1 wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari hii duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Hiyo ni hatari ya kujitakia, na kwa hiyo inazuilika.

Mtu ataniambia: basi tupunguze sauti, yaishe. Ndiyo, tupunguze. Lakini wengi wanashindwa, na wanashindwa kwa sababu ya hedseti walizonunua. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Hedseti mbovu inakulazimisha kuongeza sauti.

Ikilegea kichwani, kelele za nje zinaingia, nawe unaongeza. Ikiwa besi yake inafunika kila kitu, husikii nyayo za adui, nawe unaongeza. Mwenzako akiwa na maikrofoni mbaya, sauti yake inakuja kama mtu aliye ndani ya pipa, nawe unaongeza ili uelewe neno moja. Sekunde mbili baadaye bomu linalipuka kwa sauti ile ile uliyoiweka ili umsikie mwenzako. Na waya ukikatika ndani, upande mmoja unadhoofika. Unaongeza hadi upande dhaifu usikike. Upande mzima unakula kipigo chote. Nimeona vijana wakicheza kwa upande mmoja miezi, kwa sababu hedseti "bado inafanya kazi".

Kwa hiyo kuchagua hedseti ni suala la afya. Starehe ni afya. Maikrofoni nzuri ni afya, yako na ya unayecheza naye.

Nani anachagua hivyo? Hedseti nyingi zinauzwa kwa taa. Inawaka nyekundu, inawaka buluu, boksi limeandikwa 7.1, yaani sauti ya kukuzunguka pande zote, na jina kubwa limepigwa chapa kando. Taa haisikiki. Hiyo 7.1 katika hedseti za bei ya chini mara nyingi ni programu inayochezea sauti tu. Na jina kubwa kwa bei ya ajabu huenda ni jina la kughushi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ulinzi wa afya yake. Lakini sheria haitakuvulia hedseti. Tazama kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, cha bidhaa zinazoingia nchini. Soma maandishi ya boksi, kwa sababu walioghushi hukosea tahajia. Dai risiti na warantii. Muuzaji akikataa kukuandikia risiti, ondoka.

Na usinunue bila kujaribu.

Ivae kwa dakika kumi, pale pale dukani. Muuzaji wa kweli atakuruhusu. Sikio lote liingie ndani ya mto wake, bila ncha kukunjwa. Tikisa kichwa: isiteleze. Ingiza kidole kati ya mto na taya: kipite kwa shida kidogo. Ikibana hadi kidole hakipiti, kichwa kitauma kabla ya saa kwisha. Ikiwa unavaa miwani, jaribu ukiwa nayo, kwa maana mkono wa miwani huacha mwanya na sauti huvuja. Mito laini ya kitambaa huvumilia miwani na joto la mchana la Thika vizuri kuliko ngozi bandia, ambayo humtoa mtu jasho kisha hubanduka. Uzito uwe chini ya gramu 300. Anayecheza muda mrefu atazihisi gramu hizo shingoni.

Sasa maikrofoni. Wengi hawaijaribu kabisa, na ndiyo sehemu inayodanganya zaidi. Chomeka hedseti kwenye simu yako, fungua kinasa sauti, sogeza maikrofoni kwenye pembe ya mdomo, upana wa vidole viwili kutoka midomoni. Kisha sema kwa sauti ya kawaida: "Pale pana polisi, pita polepole. Sasa ni saa sita usiku." Sikiliza ulichorekodi. Kila "p" ikilipuka kama kofi, maikrofoni hiyo itawachosha wenzako. Kila "s" ikikwaruza, hivyo hivyo. Rudia ukiwa umesimama mlangoni mwa duka, matatu zikipita. Ukisikia matatu kuliko unavyojisikia, iache. Maikrofoni nzuri inachukua sauti ya mbele yake na kuipa kisogo ile ya nyuma.

Tazama pia pini. Pini yenye mistari mitatu hubeba sauti na maikrofoni pamoja. Ndiyo inayofaa simu, na kidhibiti cha PS4 au PS5. Yenye mistari miwili haina njia ya maikrofoni. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, kijani la sauti na waridi la maikrofoni, na utahitaji adapta ya kugawa. Adapta hiyo ni ya bei rahisi. Iulizie kabla ya kulipa, usije ukafika nyumbani ukadhani hedseti imekufa.

Waya au Bluetooth? Kwa mwenye bajeti ndogo nasema waya, bila kusita. Hedseti nyingi za Bluetooth, maikrofoni ikiwashwa tu, hushusha ubora wa sauti yote, masikioni mwako na kwa wenzako. Sauti pia huchelewa. Risasi unaiona kabla ya kuisikia. Kwa pesa ile ile, yenye waya hukupa sauti safi, maikrofoni bora, na hakuna betri ya kufa katikati ya mchezo.

Kuhusu bei nitasema neno moja. Hedseti ya shilingi 800 inayovunjika kila miezi mitatu ni shilingi 3,200 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka huna hedseti. Kusanya pesa hizo. Nunua moja ya kawaida, ya waya, isiyo na taa, yenye maikrofoni uliyoijaribu na mito inayobadilishwa. Zipo pia zilizowekewa kikomo cha sauti na kiwanda chenyewe. Logitech G435, kwa mfano, ina mpangilio wa kuzuia sauti isifike desibeli 85. Ukikuta kitu cha namna hiyo ndani ya uwezo wako, na si cha kughushi, kichukue.

Mwenye kibanda, hili ni lako. Hedseti yako inavaliwa na vichwa ishirini kwa siku. Jasho la mmoja linamfuata mwingine, na mwenye sikio linalotoa usaha anamwachia anayefuata. Futa mito kwa spiriti kila mchezaji anapoinuka. Mito iliyopasuka itupe. Weka sauti ya mashine chini na uifunge hapo. Mteja akilalamika kwamba hasikii raha bila kelele, mwonyeshe mlango kwa upole. Watoto wanaokuletea sarafu zao ni watoto wa majirani zako.

Mzazi, nawe usinyang'anye hedseti ukadhani umemaliza. Atatafuta earfoni za kuchomeka ndani kabisa ya sikio, na hizo hazizibi kelele za nje vizuri zikiwa za bei rahisi. Fanya jaribio hili usiku wa leo. Simama urefu wa mkono kutoka kwake akiwa anacheza. Mwite kwa sauti ya kawaida. Asiposikia, sauti imezidi. Ukisikia gemu yenyewe ikivuja kutoka kwenye hedseti, imezidi pia. Kaa naye mpunguze pamoja. Kwenye iPhone kuna sehemu ya usalama wa hedfoni ndani ya mipangilio ya sauti, inayoweka kikomo kwa desibeli. Simu nyingi za Samsung zina kikomo cha sauti ya midia. Viweke. Inachukua dakika.

Ndani ya gemu kuna jambo wengi hawaligusi. PUBG Mobile na Call of Duty zina vitelezi tofauti vya sauti: muziki, milio ya mchezo, na sauti za wachezaji. Zima muziki. Shusha milio. Acha sauti za wenzako juu. Kwa njia hiyo utamsikia mwenzako bila kulipuliwa na bomu, na nyayo bado utazisikia. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano walitoa kiwango cha usikilizaji salama katika gemu, na vitelezi tofauti vya namna hii ni mojawapo ya mambo wanayowataka watengenezaji waweke. Vingi vimeshawekwa. Havitumiwi.

Sauti isizidi asilimia 60. Kila saa moja, vua hedseti dakika kumi, utoke nje ya chumba. Ukishinda na hedseti ya kazi mchana kutwa, usiku cheza kwa sauti ya chini zaidi au usivae kabisa.

Ukisikia mlio, acha kucheza usiku huo. Acha na kesho yake. Mlio ukidumu zaidi ya siku mbili, au ukianza kuwauliza watu "nini?" kila mara, nenda upimwe masikio. Usimwagie mafuta ya moto. Usichokoe kwa pamba wala kwa ufunguo.

Na kuna hali moja isiyosubiri hata kesho. Ukiamka sikio moja limezima ghafla, au limeziba bila mafua, huku likilia au kizunguzungu kimekushika, hiyo ni dharura. Huenda haikuletwa na hedseti, lakini tiba yake ina muda. Dawa zikianza mapema, nafasi ya kupona ni kubwa. Wiki mbili zikipita, nafasi hiyo inakuwa imepungua sana. Aliye Thika aende hospitali ya Thika Level 5. Aliye upande wa Ruiru anaweza kufika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ulizia daktari wa masikio, pua na koo, siku hiyo hiyo. Mwambie ni sikio lipi, lilizima saa ngapi, na usiku uliotangulia ulivaa hedseti kwa saa ngapi.